Sauti ya Shujaa wa Kukodi

Kampuni iliyotengeneza ule mchezo wa zamani wa kompyuta ilitaka kuutengeneza upya, na kwa kazi hiyo ilimhitaji marehemu kaka yangu.

Wa rika langu wanaukumbuka. Kijana wa kawaida, hana mbele wala nyuma, anaamka siku moja ana nguvu za ajabu, na badala ya kuokoa dunia anabandika tangazo mlangoni: shujaa anakodiwa. Anapigana na majitu kwa miadi, kisha anarudi nyumbani kuosha vyombo. Sauti ya kijana huyo ilikuwa ya kaka yangu. Aliirekodi akiwa bado anasoma sekondari. Ugonjwa ulimchukua kabla hajaoa.

Mchezo mpya ulikuwa na maneno mapya mengi, na wa kuyasema yuko kaburini. Kampuni ikasema hilo si tatizo. Wana mashine inayosikiliza sauti ya mtu, kisha inasema chochote kwa sauti hiyo hiyo. Walichokosa ni ruhusa ya mama.

Nami nilitaka akubali, sioni haya kusema. Tangu msiba, mama alikuwa akiwasha ule mchezo wa zamani kila Jumapili bila kugusa kitufe. Anamwacha kijana asimame mlangoni akilalamika, "Jamani, leo hakuna kazi?" Anacheka kidogo, anazima. Nikawaza, akipata maneno mapya, angalau atakuwa na kitu cha kusubiri.

Chumba cha kurekodia kilikuwa na sponji ukutani hadi darini. Feni ilizimwa, maana kipaza sauti kinadaka kila kitu, na jasho likatutoka. Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye adabu zake, alimpa mama kiti kizuri. Fundi wa sauti, kijana mwembamba aliyeonekana ana hamu ya kusifiwa, akamvisha mama vipokea sauti masikioni, akanipa na mimi vyangu.

"Mama, nimekuandalia kitu," akasema. "Mchezoni hakimo. Hiki ni chako mwenyewe."

Akabonyeza.

"Mama, nimerudi. Umeshindaje, mama yangu?"

Ilikuwa sauti yake, pamoja na ile mikwaruzo yake ya asubuhi. Lakini kosa nililijua hapo hapo. Kaka yangu alizaliwa mama akiwa bado kwao, akakulia kwenye nyumba iliyojaa wajomba, na wajomba walimwita mama "dada". Naye akafuata. Mimi nikamfuata yeye. Walijaribu kumrekebisha kwa pipi na kwa fimbo, wapi. Samaki mkunje angali mbichi, nao walichelewa. Mama alilifanyia jambo hilo mzaha mbele za watu, ila najua alivyolisubiri lile neno "mama". Hata hospitalini, siku za mwisho, aliinamisha sikio karibu na mdomo wa mwanawe. Alichopata ni "Dada, maji."

Mama alibana vipokea sauti masikioni kwa viganja. "Rudia," akasema.

Fundi akarudia. Mama akafumba macho, machozi yakashuka hadi kidevuni, wala hakuyafuta. Fundi akatabasamu, akidhani mambo yameiva.

Mama akavua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri," akamwambia. "Lakini yule wangu hakuwahi kuniita mama."

Fundi akanitazama, nikamweleza. Akashika kichwa.

"Nisamehe, mama. Hilo ni dogo. Sasa hivi tu nabadilisha, atakuita dada."

"Ndiyo maana nakataa," mama akasema. "Wangu alikuwa mbishi. Huyu anasema anachoambiwa."

Msimamizi akaanza kueleza habari za heshima, za kumbukumbu, za mashabiki wanaompenda. Mama akamsikiliza hadi mwisho, maana hana tabia ya kumkata mtu kauli.

"Tafuteni kijana aliye hai mumpe kazi," akasema. "Wangu mwacheni apumzike."

Tukaaga. Ngazini mama akasimama, akaegemea ukuta.

"Lakini lilikuwa tamu," akasema. "Lile neno."

Akalia kama ambavyo sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Nilitaka kumwita mama pale pale. Ni neno moja tu, na mimi ndiye mtoto aliyebaki. Nikafungua mdomo.

"Dada," nikasema, "nishike mkono, ngazi zinateleza."