Shati Lililobaki Mishono

Fundi alipiga jembe taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Hapo nyuma ya karakana yake ndipo alipozika shati moja la pamba kabla ya mvua kuanza. Sasa mvua zimekwisha, na mkaguzi wa mazingira yuko ndani, anachungulia mapipa ya rangi na kunusa maji ya kusuuzia. Rangi imepita. Maji yamepita. Limebaki neno moja tu, lile lililo kwenye lebo ya kila nguo anayoshona: "Hurudi udongoni." Mkaguzi akilithibitisha, duka kubwa litazipokea nguo zake. Asipolithibitisha, zitaendelea kujaa rafuni.

"Chimba basi, wifi," alihimiza dada wa mumewe. Yeye ndiye mkata vitambaa wa karakana, na mdomo wake haujui likizo. "Au unaogopa litakuamkia shikamoo?"

"Nyamaza, nisije nikalikata."

Aliweka jembe chini, akaingiza vidole. Udongo ulikuwa laini, mweusi, wenye harufu ya mvua. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Hakuna kitambaa, hata kiraka. Moyo ukamruka kwa furaha. Pamba yote imekwenda! Kisha kidole kikanasa kwenye kitu chembamba. Akavuta polepole huku akipukuta udongo, na kitu kile kikazidi kuja, hadi akasimama nacho, mikono miwili juu.

Lilikuwa shati lisilo na kitambaa. Mishono ya mabega ilining'inia kutoka kwenye mshono wa kola. Ya mikono ilishuka kama ngazi za buibui. Pindo la chini lilizunguka lote bila kukatika. Hata matundu ya vifungo yalikuwapo, kila moja na uzi wake pembeni. Katikati ya yote hayo, hewa. Kupitia kifua cha shati aliuona ukuta, na wifi yake akiwa amefumba mdomo, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona tangu aolewe katika ukoo ule.

Na shingoni, lebo. Safi kabisa. "Hurudi udongoni."

Wifi akaangua kicheko. "Lebo yenyewe imegoma kurudi!" Kisha akautazama mlango, akashusha sauti. "Tulisahau uzi, wifi. Uzi wetu poliesta, plastiki isiyooza, lebo nayo poliesta. Likunje ulitie mfukoni, mwite aone shimo tupu. Nani atajua?"

Ni kweli, shati zima lingeenea kiganjani. Fundi alianza kukunja vidole, vikakataa. Maisha yake yote, akikosea nguo, alifumua uzi akabakiza kitambaa. Udongo ulikuwa umefanya kinyume: umefumua kitambaa chote, bila mkasi, bila taa, na haukuharibu hata tundu moja la kifungo. Ni vidudu gani hivyo, visivyoonekana, vyenye mkono mwepesi namna hii? Alihisi amesimama karibu na fundi mwingine, mkubwa kuliko yeye.

"Ee Mungu," alisema polepole, "kumbe hapa pana kazi usiku na mchana."

Kisha akapaza sauti. "Bwana mkaguzi! Njoo uone."

"Haya, jinyonge kwa huo uzi wako," wifi akanong'ona.

Mkaguzi alitoka na chupa ya maji ya rangi mkononi. Alipoliona shati alisimama pale pale, akavua kofia. Upepo mdogo ulipita kifuani mwa shati, mikono ikapunga.

"Kwamba pamba huoza nilisoma," alisema hatimaye. "Lakini hivi, mama, sijaona."

"Na lebo?" Fundi aliuliza, ingawa jibu alikuwa amelishika mwenyewe.

"Siwezi kuipitisha. Shona kwa uzi wa pamba, na lebo iwe ya pamba. Uzike shati jingine. Mvua zijazo zikiisha, nitarudi."

"Msimu mzima!" wifi akalia. Alipoona Fundi amekwisha kuingia ndani na kuanza kuzitoa lebo kwenye nguo za rafuni, alivuta kiti. "Nipe mkasi. Lakini hilo zimwi usilitundike karibu na meza yangu."

Fundi alilitundika dirishani. Na shati la pili lilipozikwa, kila alipokwenda kumwaga maji alipazunguka mahali pale, hakupakanyaga, kama mtu asiyetaka kumkatiza fundi mwenzake kazini.