Chumba cha Tatu cha Chiriku

Viatu vilipangwa mlangoni jozi kwa jozi, kana kwamba ndani mlikuwa na msiba, ilhali ndani hamkuwa na mtu wala hamkuwahi kuishi mtu. Ilikuwa nyumba ya mfano. Bakuli la matunda ya plastiki lilikaa katikati ya meza, bomba la jikoni liling'aa bila kuonja maji, na vitabu vitano vya rafuni, mkwe alipovuta kimoja, vilitoka vyote kwa pamoja. Lilikuwa boksi moja lililochorwa migongo ya vitabu.

"Hata msomaji wa humu ni wa mfano," alisema mkwe, akalirudisha boksi mahali pake.

Binti, mkewe, alicheka. Baba yake, seremala, hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha sebule akilitazama kochi, kama mtu aliyekutana na siri yake mwenyewe imevaa nguo za sikukuu.

Kochi lile alilitengeneza yeye. Meza pia, na viti sita, na makabati, na vitanda vyote vitatu. Miezi mitano nyuma msimamizi wa mradi alimletea karatasi ya vipimo, na seremala, alipoisoma, alidhani mwandishi amelewa. Kitanda cha watu wazima kiliandikwa urefu wa sentimita mia moja na sabini. Kabati lilikuwa jembamba kiasi cha kutomeza bega la koti. Alipiga simu.

"Hujakosea kusoma, nami sijakosea kuandika," msimamizi alimjibu. "Ni samani za nyumba ya mfano, fundi. Hakuna atakayezilalia. Tunataka vyumba vipumue."

Kila fundi ana kichaka chake cha kujifichia, na kichaka cha seremala huyu kilikuwa karatasi. Karatasi ikishaandikwa, alizoea kusema, fundi hana mdomo. Basi akazipima mbao, akazikata. Lakini ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba kazi ile ilimnogea. Kukata kitanda kifupi hata mwanagenzi anaweza. Kazi ni kukifupisha kisijulikane kuwa ni kifupi. Alipunguza unene wa miguu, akashusha ubao wa kichwani kwa vidole vitatu, akapunja hata mito ya kochi, mpaka kila kitu kikalingana na mwenzake na jicho likakosa pa kushuku. Alipomaliza, alizunguka karakana akavitazama kutoka kila upande, akaridhika. Vikachukuliwa kwa lori. Na jioni ile, kwa kuwa furaha haina kufuli, alimwambia binti yake: "Nimeingiza kazi kwenye zile nyumba mpya."

Neno hilo ndilo lililowaleta hapa.

"Karibuni Chiriku," alisema mwonyeshaji wa nyumba, mwanamke mtanashati ambaye wanunuzi walimwita Bi Ramani, naye aliitika. Nyumba za mradi ule zilikuwa za aina mbili, zote zimepewa majina ya ndege. Korongo walikuwa wametoka kuiona: vyumba viwili vya kulala na baraza pana la nyuma. Chiriku ilikuwa na vyumba vitatu, bila baraza. Bi Ramani aliweka matunda kando, akatandaza michoro miwili mezani, akaipanga pembe kwa pembe.

"Kuta za nje ni zile zile," alisema. "Msingi ni ule ule. Tofauti yake ni huu ukuta hapa. Ukiuacha, una baraza. Ukiujenga, una chumba."

Binti, ambaye alikuwa muuguzi na alizoea kusoma chati kwa haraka, aliweka kidole juu ya mstari ule. "Basi huu ukuta ndio baba," alisema.

Tangu afiwe na mke, mwaka wa pili sasa, seremala alikuwa amehamishia kitanda nyuma ya karakana, kati ya mbao zinazokauka na pipa la gundi. Alisema anaogopa wezi wa misumeno. Binti alijua kwamba misumeno haikuwa na habari. Akamwambia mumewe, na mumewe, mtu mwema aliyeitwa Mlingoti na wenzake kazini kwa sababu alikuwa mrefu kupita milango mingi, alisema tu: "Mzee aje. Nyumba isiyo na mzee ni kama sufuria isiyo na mfuniko."

"Lakini mniambie leo," alisema Bi Ramani. "Chiriku ya safu ya kwanza imebaki moja. Kesho mafundi wanainua kuta za ndani. Ukishatia saini, ramani haibadiliki tena."

Wakapita vyumbani. Seremala alibaki nyuma hatua mbili, kwa heshima, maana chumba cha kulala cha mkwe, hata kikiwa cha mfano, si mahali pa baba mkwe kuzurura. Aliona, hata hivyo, alichotakiwa asikione: milango ya ndani ilikuwa imeng'olewa. Zilibaki bawaba tu, zimepakwa rangi ya ukuta, ili mlango usile nafasi ya chumba. Alikubali moyoni kwamba aliyefikiria jambo hilo alikuwa fundi mwenzake.

"Baba, njoo uone chumba chako," binti aliita.

Chumba cha tatu kilikuwa na dirisha la mashariki. Kitanda kilikaa chini ya dirisha, kabati pembeni, meza ndogo ya kuandikia, na bado palibaki uwazi wa mtu kutembea na kugeuka. Kilikuwa kizuri. Seremala aliingia mpaka katikati, na kwa kitambo kifupi, kinyume cha kila alichokijua, akaona mahali pa kuweka redio, akaona viatu vyake chini ya kitanda. Hakuwa amemwambia mtu kwamba anakitaka chumba. Alikuwa hata hajajiambia.

Binti alipapasa ubao wa kichwani. "Angalia huu uungaji! Dada," akamgeukia Bi Ramani, "unajua samani hizi zote ni kazi ya baba yangu?"

Uso wa mwonyeshaji ulitabasamu kabla macho hayajawahi. "Kumbe fundi mwenyewe ndiye huyu? Msimamizi anakusifu mpaka basi. Tuna nyumba za mfano kumi na mbili upande wa pili, na jina lililo juu ya orodha ya mafundi ni lako." Akashusha sauti. "Basi wewe, mzee wangu, kazi yetu unaielewa."

"Naielewa," alisema seremala.

Maneno yale yalipita kichwani mwa binti bila kutua. Alikuwa ameshatoa kalamu mkobani. Mlingoti alisimama karibu naye, fomu ya ununuzi imeegemezwa kwenye kabati, na wote wawili walikuwa na ule utulivu wa watu waliojinyima muda mrefu na sasa wamefika.

Seremala alihesabu, kama ilivyokuwa desturi yake. Akinyamaza, atapata chumba na nyumba kumi na mbili. Siku ya kuhama wataleta kitanda cha kweli, nacho kitajaa ukuta hadi ukuta. Wataleta kabati la kweli, nalo litaziba dirisha. Binti atacheka, atasema watu wa nyumba ni wajanja, na hatamfikiria yeye. Hatamfikiria kabisa. Hapo ndipo hesabu ilipokataa kukubali. Uongo ambao mtu atakusamehe kwa kutojua ni wako ni mzito kuliko ule anaokushtaki nao.

"Mwanangu," alimwambia mkwe, "hebu lala."

Mlingoti aliangalia kitanda, akamwangalia. "Hapa? Mbele yako, mzee?"

"Lala. Aibu nimeibeba mimi."

"Samahani, samani hazilaliwi," alisema Bi Ramani, lakini Mlingoti alikuwa amekwisha kaa, akageuka, akajinyoosha kwa woga wa mtu anayepimwa jeneza. Miguu yake ilipita ukingo wa kitanda, ikaning'inia hewani kutoka katikati ya muundi.

Binti aliangua kicheko. "Mume wangu, wewe si wa kuwekwa kwenye nyumba ya ndege!"

"Hata korongo ana miguu," Mlingoti alijibu, kichwa kikiwa juu ya mto.

"Ni mrefu," alisema seremala, "lakini si mrefu hivyo."

Kicheko kilipungua. Binti alimtazama babake, kisha, bila kuambiwa, akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua kiganja na kuanza kupima kwa shibiri, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kama alivyofundishwa utotoni chini ya meza ya randa. Mkono wake ulikuwa sawa na wa babake. Jambo hilo walilichekea miaka mingi. Alifika mwisho, akarudia.

"Nane, tena haijatimia," alisema. "Kitanda cha mtu mzima ulisema ni ngapi?"

"Tisa."

"Na hiki?"

"Niliandikiwa hivyo."

"Sikuulizi uliandikiwaje. Umejua lini?"

"Tangu nilipokipiga randa," alisema. "Na kabati. Na meza. Kila kitu humu. Nilikifanya kisijulikane, na nilikifanya vizuri."

Bi Ramani aligeuza fomu, akaonyesha chini kabisa ya ukurasa. "Hakuna aliyefichwa kitu. Imeandikwa: samani ni za maonyesho tu."

Mlingoti, ambaye sasa alikuwa ameketi, aliusogeza ukurasa karibu na pua. "Herufi hizi," alisema kwa upole, "hata sisimizi angeinama kuzisoma."

"Nyumba hizi ni nzuri, kaka. Watu wanaishi." Kisha, kwa sauti ya chini, na wala si kwa ukali, akamwambia seremala: "Ile orodha, mzee, mimi siwezi kuisemea tena."

"Usiisemee."

Binti hakuinuka mara moja. Alibaki amepiga magoti, kiganja chake kimelala juu ya shuka ambayo haikuwahi kukunjwa. Seremala alingoja maneno. Angeyapokea yoyote. Lakini muuguzi aliyezoea wodi hutumia ukimya kama wengine wanavyotumia sindano. Alimwacha kwanza aumie. Alipoinuka, hakumtazama.

"Nataka kuiona yenyewe," alimwambia Bi Ramani. "Ile iliyobaki. Si mfano wake."

"Kule ni zege na vumbi, dada yangu. Hamna cha kuona."

"Vumbi nalijua."

Walitembea wote wanne, mwonyeshaji mbele na kofia ya ujenzi aliyoivaa shingo upande, Mlingoti nyuma yake na nyingine kama hiyo, hadi nyumba ya mwisho ya safu. Kuta za nje zilikuwa zimesimama. Ndani, sakafu ya zege ilikuwa wazi, na pale ambapo kuta zingeinuliwa palikuwa na mstari mmoja tu wa matofali, kimo cha kifundo cha mguu, kama nyumba iliyochorwa na mtoto. Bi Ramani alibaki nje, akaongea na simu yake. Binti aliruka mistari, akahesabu: sebule, jiko, chumba, chumba. Akasimama ndani ya cha tatu. Kilikuwa kidogo. Bila kitanda kifupi cha kukikuza, kilikuwa kidogo bila kisingizio.

"Korongo ni nzuri," alisema seremala kutoka upande wa pili wa matofali. "Baraza lile ni pana. Mtoto akija atacheza pale. Mimi karakana yangu inanitosha."

"Sijakuuliza, baba."

"Nasema tu."

"Leo umeshasema." Aliokota kipande cha chokaa kilichoachwa na waashi, akakijaribu sakafuni. Kiliandika. "Ingia humu. Lala."

Alidhani amesikia vibaya. Mlingoti alitazama paa ambalo halikuwepo.

"Kwenye vumbi?"

"Kwenye vumbi. Kichwa dirishani."

Seremala aliruka mstari wa matofali, taratibu, kwa sababu ya magoti, akalala chali juu ya zege. Ilikuwa baridi mgongoni. Juu yake hapakuwa na dari, ila mawingu mawili yasiyo na haraka. Alisikia hatua za binti zikimzunguka, kisha chokaa ikikwaruza karibu na sikio lake, ikashuka begani. Ikasita.

"Ukilala," aliuliza, na sauti yake haikuwa imesamehe bado, ila ilikuwa inauliza, "unajinyoosha au unajikunja?"

Aliyatazama mawingu. Lilikuwa swali la mambo ya nyuma ya karakana, la usiku ambao hakuna aliyeuona.

"Zamani nilijinyoosha," alisema. "Siku hizi najikunja."

Chokaa haikusogea. Upande wa pili wa mstari wa matofali, Mlingoti alikuwa ameivua kofia yake.

"Nyooka," alisema binti. "Nyooka, baba, nikuchore ulivyo."