Mtetea Aliyefungwa Kamba

Kutoa ni utajiri, usambe ni moyo. Hivyo ndivyo walivyoishi waumini wa kanisa la mashamba ya mkonge, mashariki ya Thika, ingawa kila Jumapili ya mavuno waliigeuza methali na kuitamka kama wahenga walivyoiacha.

Asubuhi ya Jumapili hiyo, Kalondu alipiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono uvunguni, akamvuta mtetea wake kwa mguu. Alikuwa mwekundu, mwenye kishungi, na ndiye kuku pekee aliyekuwa naye. Alimfunga miguu kwa uzi wa mkonge, akampangusa vumbi kwa ncha ya leso, akamwambia aache kelele kwa kuwa wanakwenda kwa Mungu.

Mumewe Mbaluka, mkata mkonge, alikuwa amekufa kwa homa wakati wa kiangazi. Nyumba za laini, zile safu za vibanda vya shamba, ni za wakata mkonge, si za wajane wao, na karani wa shamba alikwisha kumwambia atoke mwezi ukiisha. Kalondu hakuwa na pa kwenda, ila alijua habari za vyumba vya Thika. Marehemu mzee Kaleli alikuwa amelitolea kanisa vyumba hivyo vya mabati akiwa mgonjwa, akatamka mbele ya watu kwamba wajane wakae humo bure. Vilikabidhiwa Mzee Absalom Kimeu, mwenye duka, ambaye kanisani aliitwa wakili wa mali ya Bwana. Wakili aliwaweka humo mafundi cherehani na mtengeneza baiskeli. Walilipa kodi. Kodi, alisema, ni ya kazi ya Bwana.

Kalondu alipokwenda dukani kuomba chumba, Mzee Absalom alimsikiliza mpaka mwisho huku akipima sukari.

"Mama, anayetoa ndiye anayepewa," alisema. "Wewe kwenye meza ya mavuno hatujakuona."

"Nina kuku mmoja tu, Mzee."

"Na huyo kuku bado hajaokoka?"

Wateja walicheka. Kalondu naye alicheka kidogo, kwa heshima.

Ibada ilikwisha jua likiwa utosini. Meza ya mavuno ilikuwa imewekwa nje, mbele ya mlango, ikajaa mahindi, mbaazi na maboga. Kalondu alimweka mtetea wake pembeni, na mtetea akapaa. Hakupiga mabawa. Aliinuka taratibu kama moshi wa jikoni siku isiyo na upepo, akasimama hewani juu ya vichwa vya watu, miguu ikiwa bado imefungwa. Mchungaji Githinji alimtazama kwa muda, kisha akaagiza iletwe kamba, maana kunadi kitu kisichofikika ni kazi ngumu.

Mtetea alipokuwa akifungwa kamba, vitu vingine navyo vilianza kuinuka, kila kimoja kwa kadiri yake. Kibaba cha mbaazi cha ajuza mmoja kilifika usawa wa kifua. Viazi vitamu vya Warigia, Mkikuyu aliyeuza uji karibu na stesheni, viliachana na meza kwa upana wa kidole.

"Kidole kimoja tu, Warigia?" mtu akauliza.

"Na hicho ni kwa rehema," alijibu. "Vile vinono viko nyumbani. Ningejua leo tunapimwa, ningekuja navyo."

Mkungu wa ndizi wa mchungaji haukusogea. Aliufunika kwa kitambaa, akaomba watu walete mawe ya kukandamizia vile vilivyokuwa juu.

Ndipo akaletwa ng'ombe wa Mzee Absalom. Kila mwaka zawadi yake ilikuwa ndiyo kubwa kupita zote, nayo huletwa mwisho ili watu wapige makofi. Walipiga. Alikuwa ng'ombe dume mweusi, amevishwa utepe kwenye pembe. Alipofika mbele ya meza, kwato zake zilizama. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu kama sakafu, lakini ng'ombe alizama mpaka magotini, akasimama hapo akicheua.

Kila aliyekuwapo alijua kwamba ng'ombe yule alinunuliwa kwa kodi ya vyumba. Walikuwa wakijua hata kabla hajazama.

Mnada uliharakishwa ili watu wafike makwao kabla ya kafyu, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Desturi yao ni kwamba mwungwana akinunua kitu hukirudisha mezani kinadiwe tena, Bwana apate mara mbili. Mzee Absalom alimnunua mtetea kwa bei ndogo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpandishia bei, wala hakumrudisha. Alisema kuku wa namna ile atavuta wateja. Ng'ombe alinunuliwa na mwuza nyama kutoka Ruiru, ambaye alilipa papo hapo, kisha akaenda kuazima majembe.

Kalondu alimsogelea Mzee Absalom mbele ya watu wote.

"Mzee, leo mmeniona mezani. Naomba kile chumba."

"Tulia, mama. Chumba hakijapatikana."

"Kimepatikana," alisema Kalondu, akimwonyesha ng'ombe ambaye sasa alikuwa amezama mpaka tumboni. "Kile pale. Kiwahi upesi, Mzee, kabla hakijaishia chini na mlango wake."

Warigia aliangua kicheko. Wengine wakafuata, kisha wakakumbuka kwamba wengi wao hukopa sukari kwa Mzee Absalom, wakaanza kukohoa.

Mwuza nyama aliporudi na majembe alikuta pembe mbili na utepe. Alidai pesa zake. Aliambiwa sadaka hairudishwi.

Mwezi ulikwisha. Kalondu alitoka laini na sufuria mbili, akalala jikoni kwa Warigia. Lakini pasi ya Warigia, kile kibali cha serikali kwa Wakikuyu, ilimruhusu kuishi pale peke yake, na askari walikuwa wakipita usiku wakimulika nyuso za waliolala. Mara mbili Kalondu alijificha nyuma ya kuni. Mchana alipita mbele ya duka la Mzee Absalom na kumwona mtetea wake juu ya paa, amefungwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Alikuwa akitaga vizuri. Mayai yalipanda angani yasipowahiwa, kwa hiyo walimjengea dari ya turubai, wakawa wanayaokota kwa ngazi.

Kisha baraza la wazee wa kanisa lilimwita, naye akaenda na sufuria zake. Nje ya kanisa watu walikuwa wamezoea kufunga mbuzi kwenye zile pembe za ng'ombe. Ndani, ukutani, palikuwa na ubao mpya wenye jina la Absalom Kimeu, mtoaji mkuu wa mavuno.

Mtengeneza baiskeli alikuwa amehamia Ruiru, na ufunguo wa chumba chake ulikuwa mezani.

"Ni wako," alisema Mchungaji Githinji. "Ila ulimwaibisha mzee wetu mbele ya kanisa. Mwombe radhi, yaishe."

Warigia, aliyesimama dirishani, alinong'ona, "Sema tu, dada yangu. Maneno hayana kodi. Leo askari watarudi."

Kalondu aliutazama ufunguo. Ulikuwa umelala mezani, mzito, bila kuinuka hata kidogo.

"Vile vyumba ni vya nani?" aliuliza.

"Ni vya wajane," alijibu mchungaji.

"Na Mbaluka amefufuka?"

Mzee Absalom alinyoosha mkono polepole, akauvuta ufunguo upande wake, akautia mfukoni. Fundi cherehani mmoja alikuwa na shemeji aliyetafuta pa kupanga.

"Neno moja tu, mama," mchungaji akabembeleza. "Moja."

Kalondu alijifunga leso kiunoni, akaokota sufuria zake.

"Siombi radhi."