Sahihi ya Pili

...kwamba hata mkiachana, mama, anasema hakimu, ananitazama juu ya miwani yake, hata mkiachana kesho huyu atabaki kuwa baba wa mtoto, sawasawa na wewe ulivyo mama, huwezi kumfuta, umeelewa, nami nimeitikia ndiyo Mheshimiwa, nimeitikia upesi kama mtoto wa shule, karani amenisogezea karatasi ya ridhaa ya kuasili mtoto, mstari wa kwanza una sahihi ya mume wangu, ile ndefu yenye mkia, wa pili uko wazi, kalamu ninayo, mkono uko juu ya meza, na mkono hauendi... andika basi, mwanamke, unangoja nini, kazini umepewa ruhusa ya saa mbili tu, bohari umeiacha na msaidizi asiyejua hata rafu ya saba iko wapi, huwezi kumfuta, kwa nini alichagua neno hilo, mbona hakusema tu kwamba kuanzia leo ni baba yake, si ndilo tulilolifuata hapa, kwa miguu yetu wenyewe, fomu nimejaza mimi kwa sababu Fundi akishika kalamu utadhani anakata kitambaa... Fundi, ndivyo anavyoitwa na kila mtu, fundi cherehani wa sare za shule, hata mimi mkewe namwita Fundi, hata binti yangu Chiriku, na hilo nusura lituponze leo, maana hakimu alianza na mtoto, akainama asimtishe, huyu bwana nyumbani unamwitaje, na Chiriku, miaka kumi na moja na mdomo usiopoa, akasema namwita Fundi, afisa wa ustawi wa jamii akaandika kitu, haya, na baba yako ni nani, akauliza hakimu, Chiriku akamshangaa mtu mzima mwenye miwani, si ndiye huyuhuyu Fundi?, karani akacheka halafu akajifanya anakohoa, na Fundi wangu akaanza kuokota nyuzi kwenye suruali isiyo na uzi hata mmoja, suruali aliyoipiga pasi mara mbili asubuhi, nilimwona.

Chiriku alikuwa na miaka mitano Fundi alipompima mara ya kwanza, nilimpeleka kwa ajili ya sare tu, mume sikuwa namtafuta, wanaume nilikuwa nimewashiba, mafundi wengine walimpima mwanangu huku wakizungumza na mimi, huyu akapiga magoti sakafuni akazungumza naye, unataka mifuko mikubwa au midogo, mikubwa, ya kutia nini, mawe, akasema Chiriku, na Fundi hakucheka, akashona mifuko ya kutia mawe, kitambaa mara mbili ili isitoboke, na upindo akauacha wa vidole vinne, nikaja juu, wewe umekosea, pindo gani hili, akasema sikukosea, mama, huyu ataongezeka... na kila mwaka unapoanza anaufumua mwenyewe na kuushusha, hampimi hata kwa tepu, anamtazama tu akisimama mlangoni, anasema vidole viwili, na vinakuwa viwili kweli, mimi niliyemzaa simjui hivyo, kwa vidole, mimi namjua kwa homa na kwa kelele, na yule aliyenizalisha hamjui kwa lolote, miaka minane kimya, afisa alipomtafuta akajibu kwa maneno mawili, sina pingamizi, hakuuliza hata mtoto yuko darasa la ngapi, maneno mawili na sahihi, na sahihi yenyewe haikusita... yangu ndiyo inasita, ona maajabu.

Mama, chukua muda wako, anasema hakimu, asante Mheshimiwa... si nilikula yamini mwaka jana, nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, kwamba jambo hili nitalimaliza, kidole tumbo, mtoto anajikunja kama mkeka, Fundi akamchukua mgongoni mpaka hospitali, muuguzi akauliza wewe ni nani wake, baba yake, mbona kadi ina jina jingine, una hati gani, hana, na mimi niko bohari siku ya ukaguzi, simu zetu wafanyakazi zimefungiwa kabatini getini, nahesabu maboksi ya sabuni, ndipo masikini alipogundua, siku ile, pale dirishani, kwamba ndoa haikumpa mtoto, miaka yote alidhani alipotia sahihi kwenye cheti chetu cha ndoa Chiriku naye aliandikwa wake, nilidhani ni suti, aliniambia baadaye, ukichukua koti suruali imo, na mimi pia nilidhani hivyo, tusidanganyane, wote wawili tulikaa miaka mitano tukiamini suti... wakamwambia tukiona hali inazidi tutampasua bila karatasi, lakini kwanza mzazi atafutwe, akatoka mbio, nikaitwa getini nikamkuta ameshika vyuma, tepu bado shingoni, hana pumzi, akasema njoo utie sahihi, hayo tu, wala hakuuliza simu yako iko wapi, hakunilaumu hata kwa jicho, mpaka leo, mimi ningelaumu, ningelaumu mpaka majirani wahame.

Basi naogopa nini, kwamba ataondoka?, huyu?, hapana, sema ukweli angalau humu ndani ambamo hakuna anayesikia, huogopi ataondoka, unalo lile neno, unalijua, huyu si mwanao, umelisema mara tatu, mara ya kwanza alipomkemea kwa kukosa adabu, ya pili sikumbuki... nakumbuka, nakumbuka sana, alikuwa amempa ruhusa ya kwenda kuogelea bila kuniuliza, ya tatu ni juzi tu, safari ya shule, yeye anasema aende, mimi nasema haendi, nikaona nashindwa kwa hoja nikalichomoa, huyu si mwanao, Fundi alikuwa anapiga pasi sketi ya Chiriku, akaigeuza, akapiga upande wa pili, na mimi nikashinda, kila nikilisema nashinda, ndilo ninaloona uchungu kulitoa, Mungu wangu, si mtoto, ni neno, nataka nibaki nalo kwenye droo kwa siku ya ugomvi... na afisa alipokuja kutukagua nyumbani niliwasikia nikiwa jikoni, akamuuliza mkeo ana wasiwasi wowote, nikafunga bomba nisikie vizuri, nikajua leo nasemwa, akamjibu, alimlea peke yake, afisa, hata mimi ningekuwa yeye nisingekubali haraka... mtu niliyemchoma mara tatu mahali palepale ananitetea kwa mgeni, nampenda mtu huyu, sikuwahi kumpenda kama ninavyompenda sasa hivi, na yuko hatua moja kutoka hapa wala hajui.

Kama hayuko tayari tutarudi siku nyingine, Mheshimiwa, hatuna haraka, anasema Fundi taratibu, hatuna haraka!, wakati shule zinafunguliwa Jumatatu na sare arobaini hazijashonwa, muongo mkubwa huyu, wala hanitazami, anatazama ukuta ili macho yake yasinisukume... nitakasirika tena, najijua, na siku hiyo nitafungua mdomo nilitafute lile neno nisilikute, itabidi niseme kitu kingine, sijui nini, labda nitasema nimechoka, labda nitasema niliogopa, itabidi nijifunze kugombana upya katika umri huu, na yeye atakuwa baba yake hata hapo nikifura, hata nikimtaka atoke mbele yangu, na kidole tumbo kingine kikija, muuguzi akiuliza wewe ni nani wake, atajibu na kuandika... mstari bado uko wazi, wino haujagusa karatasi, na Chiriku, asiyejua kunong'ona ni nini, anauliza, mama, kwani umesahau sahihi yako?, anacheka karani, anacheka hata hakimu, Fundi pekee hacheki, sijaisahau, mwanangu, nataka tu niiandike vizuri.