Kinywaji cha Kitindamimba

Mama yangu ana kisukari, na mimi ndiye ninayemwosha kidonda cha mguu kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani yangu. Kwa hiyo mtu asiniambie nina hasira za bure. Daktari alishasema: sukari isiposhuka, mguu unakatwa.

Sasa ingeshukaje? Mdogo wangu, kitindamimba wetu, ana sauti ambayo hata akikutukana utamshukuru. Kampuni moja ya vinywaji ikamchukua awatangazie redioni: "Mama, umechoka? Kunywa, upate nguvu. Unastahili." Weee! Mama akisikia hilo "Mama" anaitikia kabisa, "Naam, mwanangu," halafu anaagiza dukani chupa ya baridi.

Nimeficha chupa, nimemwaga, nimegombana na mwenye duka. Mama ananijibu nina kijicho. "Mwenzio ananijali, wewe kazi yako kufoka tu." Iliniuma sana, sitaficha.

Nikampigia mdogo wangu. "Umelikoroga, utalinywa. Njoo umwambie mama mwenyewe."

Alikuja Jumamosi, akakaa sakafuni katikati ya vipande vyangu vya vitambaa, akamshika mama mikono. "Mama, acha kile kinywaji. Kina sukari nyingi, kitakumaliza."

Mama akacheka. "Umeshalishwa maneno na dada yako. Mbona redioni husemi hivyo?"

"Kule naandikiwa, mama. Nasoma tu."

"Hata kama. Sauti si yako?" Akamimina bilauri mbili, akamsogezea moja kwa furaha ya mwenye mgeni. "Haya, leo tunywe pamoja. Wewe unakipenda cha baridi au hivi hivi?"

Mdogo wangu akaitazama ile bilauri. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mama, mimi sikinywi."

"Leo hujisikii?"

"Sijawahi. Hata kuonja. Nikisoma ile karatasi pale studio, mkononi nina maji."

Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima nimemwekea huyu mtoto, lakini nikaokota kipande cha kitambaa, nikampa afute machozi.

Mama akaisukuma bilauri yake taratibu mpaka ukingoni mwa meza.

"Na mimi siku zote hizi," akasema, "nilijua tunakunywa wote."