Mawifi Kwenye Gari la Kukodi

Mapazia alipopewa talaka, watu walitarajia apoteze viwili kwa mpigo: mume na wifi. Mume alimpoteza kweli, wala hakumtafuta. Wifi ndiye aliyekataa kupotea.

Jina la Mapazia lilimganda kutokana na kazi. Alikuwa na chumba cha kushonea kilichojaa majora ya vitambaa hadi dirishani, na mtaani hapakuwa na sebule ya maana isiyoning'inizwa kazi ya mikono yake. Wifi yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu, asiye na mume wala nia ya kueleza kwa nini hana. Kila Jumamosi Mwalimu alipita pale chumbani, akavua viatu, akakalia jora, wakasengenya mpaka jua likazama. Mazoea hayo yalianza Mapazia akiwa bi harusi. Talaka haikuyabadilisha, isipokuwa sasa walimsema Mwenyekiti kwa sauti ya kawaida badala ya kunong'ona.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mume, kaka mkubwa wa Mwalimu. Walimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na kikao cha ukoo asichokiongoza, hata cha kuchagua rangi ya geti. Alipooa tena alimwita dada yake, akamtaka akate mguu kwa Mapazia, maana mke mpya anaona vibaya na watu wana midomo. Mwalimu alimsikiliza mpaka nukta ya mwisho. Kisha akatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Mapazia, akavua viatu.

Shule zilipofungwa, ni Mwalimu aliyeleta wazo la safari. Wakodi gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, waende nalo mpaka ziwani, walale watakapochoka. Yeye hajui kuendesha, Mapazia anajua. Zamani Mwenyekiti aliwahi kujaribu kumfundisha, akamnyang'anya usukani kabla ya kona ya pili, akamwambia mikono yake ni ya sindano. Baada ya talaka Mapazia alijiandikisha kwenye chuo cha udereva, akafeli mtihani, akarudi, akapita.

Mwenye magari aliwauliza nani ataendesha, huku akichungulia nyuma yao kana kwamba kuna mwanamume amechelewa kushuka.

"Unaongea naye," Mapazia akamjibu.

Basi akawaonyesha tangi la maji, mtungi wa gesi, na meza inayokunjwa ikawa kitanda. Akasisitiza wasisahau kwamba gari ni refu kwenda juu, wasije wakaling'oa paa kwenye kituo cha mafuta. Mapazia aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye vipazia vya madirisha. Pindo zilikuwa zimekwenda upande kama mlevi. Jioni ya kwanza, kabla hata ya kuchemsha maji, alitoa sindano akazishona upya.

Njia ya kwenda haikuwa mchezo. Malori yalipowapita, gari zima lilitikisika na vikombe vikapigana kabatini. Mapazia aliushika usukani hadi vidole vikafa ganzi, jasho likimtoka, na Mwalimu kando yake akimsomea vibao vya njiani kwa sauti ileile ya darasani. Lakini walifika. Wakaegesha kwenye kambi ya wageni kando ya ziwa, mgongo wa gari ukielekea ukuta, wakapiga picha chini ya kibao cha kambi. Mwalimu akaituma kwenye kundi la simu la ukoo, akaandika: Mimi na wifi yangu.

Kesho yake asubuhi Mwenyekiti akatokea. Alikuja na gari lake dogo, akaliegesha mkingamo mbele ya lile kubwa, nyuma ukuta, mbele yeye. Akaja kugonga mlango.

Alimwamuru Mwalimu ashuke na begi lake. Alisema ukoo mzima unacheka, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba yule mwanamke aliye ndani si wifi wa mtu tena, kwa kuwa talaka imeshatoka.

Mwalimu alifungua mlango, akasimama kwenye kingazi.

"Kaka, talaka uliitoa wewe," akasema. "Mimi sijampa mtu talaka."

 Mwenyekiti akasema sawa, kama hashuki, basi gari hilo halitoki. Akarudi kwenye gari lake, akajifungia.

Mapazia alikuwa hajatamka neno. Miaka yote ya ndoa ndivyo alivyopitisha ugomvi, kwa kunyamaza mpaka mwenzake achoke. Mara hii alisogeza pazia, akafungua dirisha.

"Mwenyekiti," akaita, "njia umetuzibia, lakini nyumbani hujatutoa. Humu tuna kitanda, jiko na choo. Wewe una nini?"

 Yeye na Mwalimu wakatoa viti nje, wakavipanga kivulini. Wakakaanga mayai na vitunguu, upepo ukapeleka harufu ulikotaka kupeleka. Mwalimu alisoma gazeti, Mapazia akafua soksi akazianika kwenye kioo cha pembeni. Wageni wengine wa kambi walipita wakisalimia, na kila aliyepita aligeuka kumtazama yule bwana aliyevaa koti, amekaa peke yake ndani ya gari lililozimwa. Jua liliwaka, yeye ndani. Giza likaingia, yeye ndani, amekunja miguu kama panzi.

Kulipokucha shingo yake ilikuwa imegoma kugeuka. Mapazia alimtazama dirishani, akamwonea huruma, ingawa si huruma ya kufungua mlango. Akamimina chai, akatoka nayo mpaka kwenye gari lake. Mwenyekiti akaipokea. Njaa haina mwenyekiti.

Alipoimaliza aliuliza kwa sauti ya chini, "Watu watasema nini?"

"Watasema nimesafiri na wifi yangu," Mapazia akasema, akachukua kikombe chake.

Mwenyekiti akawasha gari akaondoka, akigeuza mwili mzima kutazama nyuma kwa sababu ya ile shingo. Hawajamaliza hata kuosha vyombo, simu ya Mwalimu ikalia. Kaka yake alikuwa ameandika kwenye kundi kwamba tangu leo Mwalimu hana kiti kwenye vikao vya ukoo. Mwalimu aliusoma ujumbe ule, akaurudia. Machozi yakamlengalenga, maana kaka ni kaka. Mapazia alimwuliza kama anataka warudi.

"Warudi wenye vikao vyao," Mwalimu akasema, akajipangusa kwa mkono wa gauni. "Washa gari."

Mapazia alianua soksi kwanza. Kisha akampigia simu mwenye magari, akaomba wabaki na gari wiki moja zaidi. Yule bwana akauliza kama wamepatwa na tatizo. Mapazia akamwambia tatizo hakuna, ila ziwa wamelimaliza, na milima bado.