Jina Lisilovuta Mteja

Kasoki aliuza majina. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine, na katika Lubumbashi ya siku zile, ambapo kila mwenye simu alikuwa mwalimu wa kitu fulani, ilikuwa kazi yenye heshima zake. Mtu alimjia na mafunzo yake ya mtandaoni, mapishi ya keki au ufugaji wa kuku, akiomba jina la kuyatangazia kwenye WhatsApp. Kasoki alimsikiliza, akamuuliza mawili matatu, kisha akamtajia jina ambalo mwenye mafunzo akilisikia alitamani kujiandikisha yeye mwenyewe.

"Usitaje kile unajua," aliwaambia. "Taja kile bantu banatamani."

Jirani yake pale Naviundu, Graciella, alifundisha kutengeneza sabuni. Mafunzo yake yalipoitwa "Jifunze Sabuni" hakuja mwanafunzi hata wa dawa. Kasoki akayaita "Jikoni Kwako, Kiwanda Chako", na tangu hapo Graciella, mjukuu wa watu wa reli, ukoo ambao haukuwahi kuuza hata kibiriti, alishinda akijibu wanafunzi mpaka bukari, yaani ugali wa huko, inapoa. Kwa shukrani akaanza kumwita Kasoki yaya, yaani dada mkubwa.

Cha ajabu ni kwamba kwao Kasoki majina hayachaguliwi. Yeye ni Mnande wa Butembo, na huko mtoto anazaliwa jina linamsubiri, kufuatana na nafasi yake kati ya ndugu. Kaka yake alikuwa Paluku kwa sababu alitangulia kuzaliwa, naye akawa Kasoki kwa nafasi yake, basi, hakuna la kujadili. Wazazi walipofariki walibaki wao wawili. Paluku alimlea, akamsomesha, akanunua lori la Fuso la kubebea viazi na maharagwe kule Goma, kisha akamtuma dada yake Lubumbashi kufungua depo. Vita vilipozidi kufunga barabara, mizigo ikakatika, depo ikafungwa, na Kasoki akabaki katika mji usio wake bila mtaji mwingine isipokuwa ulimi. Ndipo alipoanza kuuza majina. Kila jioni Paluku alimpigia simu kumcheka: "Leo umebatiza nani, Kasoki?"

Halafu Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, na simu ya Paluku ikanyamaza.

Mfanyabiashara mmoja wa kwao alimletea habari. Paluku alionekana akiwa hai, ila wenye bunduki walikuwa wamemnyang'anya simu. Kasoki alishukuru Mungu, akakaa kitini, ndipo akaelewa ubaya wa habari yenyewe. Namba yake ilikuwa ndani ya simu ile, na siku hizi nani anakariri namba? Kaka yake yuko hai mahali fulani na hana pa kumpigia. Ikiwa wataonana tena, itabidi yeye Kasoki aonekane.

Akaandika kwenye makundi yote ya watu waliokimbia: mimi Kasoki, namtafuta kaka yangu Paluku, mwenye lori. Wakaja akina Paluku. Wakaja wazee, wakaja vijana, Paluku wa Rutshuru, Paluku wa Beni, kwa maana kila nyumba ya Wanande ina wa kwanza wake, na malori wanayo wengi. Akaongeza jina la ubatizo, Donat. Wakaja akina Paluku Donat. Mmoja wao alimwandikia: "Dada, mimi si wako. Lakini na mimi natafuta Kasoki." Kasoki alisoma maneno hayo akalia, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule Kasoki mwingine.

Alipokwisha kulia akarudi kwenye ufundi wake. Alisema moyoni: nitafungua mafunzo yangu, ya bure, yenye jina tamu kiasi kwamba kila aliyekimbia atamtumia mwenzake, na mwenzake atamtumia mwingine, mpaka limfikie. Akayaita "Anza Upya na Mikono Miwili". Jina lilikimbia kama moto wa kiangazi. Kundi likajaa, akafungua la pili, nalo likajaa. Kila aliyeingia aliombwa kujitambulisha kwa sauti, na Kasoki alisikiliza kila sauti, simu sikioni, hata akiwa sokoni, hata akiwa ibadani, Mungu amsamehe. Wakamwita Maman Formatrice, yaani mama wa mafunzo, wakambariki yeye na uzao wake ambao hakuwa nao. Nyumba yake ilikuwa na sauti za watu wa kujaza uwanja wa mpira, na hakuwahi kuwa mpweke namna ile. Kila namba mpya moyo uliruka, na kila sauti mpya ukaanguka.

Graciella alimkuta amekaa mlangoni, simu mapajani.

"Yaya, mi nakuuliza kintu," alisema. "Ile jina yako iko muzuri sana. Bantu bote banaipenda. Sasa ndugu yako, yeye anapendaka formation?"

"Paluku? Paluku hana muda ya formation. Akiona neno hilo anapita."

"Basi unaita bantu bote, na yeye umemuacha inje."

Kasoki alitaka kukasirika, hasira haikuja. Ni kweli. Alikuwa ametaja kile ambacho watu wote wanatamani, kama alivyozoea, na kwa jina kama hilo mtu mmoja hapatikani. Alijiuliza ni maneno gani yangemsimamisha Paluku njiani. Akakumbuka lori.

Wenye malori huandika majina mbele, juu ya kioo, na huchagua maneno ya nguvu, ya Mungu au ya ushindi. Paluku aliandika TUTAFIKA KESHO. Kasoki alimgombeza siku nzima. Nani atapakia viazi kwenye gari linalomwambia wazi kwamba litachelewa? Paluku alijibu kwamba kwa barabara zile huo ndio ukweli, na mteja anayetaka uongo apande gari jingine. Kasoki alilidharau jina hilo miaka yote, hata katika kumtafuta kaka yake hakuwahi kuliandika. Sasa akafuta "Anza Upya na Mikono Miwili", na mahali pake akaandika "Tutafika Kesho".

Wanafunzi walikuja juu. Maman, huu ni mchezo? Sisi tumeteseka, unatuambia kesho? Wakatoka mmoja mmoja, halafu kwa mafungu, mpaka sauti zikaisha na nyumba ikabaki na mlio wa friji, nao pale umeme unaporudi. Kasoki hakuwazuia. Aliogopa sana, lakini hakuwazuia.

Siku ya soko iliyofuata iliingia namba mpya. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyejitaja kuwa ni Syntiche.

"Mama, nimeona hii jina nikashituka. Iliandikwa kwa Fuso yenye ilitubeba siku tulikimbia. Mwenye gari alimwaga viazi yake yote chini, akapandisha bantu, hakuitisha hata kitu. Alitushusha kwa paroisse, pale kanisani, akageuza gari. Tulimulilia asirudi kule. Tukamuuliza, baba, utakuja tena lini? Akacheka, akapiga mukono pale juu ya kioo, pale kuliandikwa."

Kasoki alirudia kuisikiliza mpaka simu ikapata joto mkononi. Kisha akauliza: "Alifika?"

Syntiche akajibu: "Sijue, mama. Sisi tuliondoka pale mbele ya kesho kufika."

Baada ya Syntiche wakaja wengine waliolipanda lori lile, kila mmoja na habari yake: alivyowafunika watoto kwa turubai, alivyoimba vibaya. Hakuna aliyejua zaidi ya pale alipogeuza gari.

"Yaya," alisema Graciella taratibu, "rudisha ile jina ya kwanza. Bantu bingi batarudi. Hii haivute muteja."

"Najua," alisema Kasoki. "Nilimwambiaka vile vile."

Jina akaliacha. Chini yake akaandika mtaa, daraja la Naviundu lililo karibu, na rangi ya mlango wake, kisha akaingia ndani kusonga bukari ya watu wawili.